Mbao Tatu, Fremu 24

Kwa anayepiga picha Unguja, fremu ndizo zinazomchosha. Kuchapisha kuna gharama yake, lakini ni jambo linalojulikana: unakwenda na flashi, unalipa, unarudi na bahasha. Fremu hazina njia iliyonyooka, na ukipewa ukumbi kwa ghafla ndipo unapoujua ugumu wake. Chumba kimoja cha maonyesho Mji Mkongwe kilibaki wazi kwa sababu aliyekichukua aliahirisha, nikaulizwa kama ninazo picha za kukijaza. Nikasema ninazo. Nilikuwa na picha za mchumo wa karafuu Pemba nilizozikusanya kwa misimu kadhaa: wapandaji juu ya miti, kina mama wanaochambua, majamvi yaliyoanikwa mbele ya nyumba. Nikachagua 24. Siku zilikuwa za kuhesabu, na fedha pia.

Nayaandika haya kwa ajili ya atakayepokea simu kama ile. Nitaeleza hesabu kwa urefu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyoniokoa, na kwa sababu sijaona mtu akiieleza kwa Kiswahili.

Mahali pa kwanza ni maduka, na huko sitakaa sana. Darajani na Mlandege fremu zipo, zile za plastiki kutoka China zenye ukingo wa dhahabu ambazo sote tumezitundikia vyeti na picha za harusi. Za A4 ni tele. Ukitaka kubwa zaidi, duka hili lina nne, la pili lina tatu za rangi nyingine, la tatu wanakwambia urudi Alkhamisi. Kwa sebule ya mtu hakuna tatizo. Kwenye maonyesho fremu zisizofanana zinaharibu kazi: mtazamaji anaanza kuangalia fremu, anajiuliza kwa nini huyu kapewa dhahabu na yule kapewa nyeusi. Nilikuwa na picha ya mchambuzi wa karafuu na picha ya mwenye shamba, na sikutaka ukutani mmoja aonekane bora kuliko mwenzake.

Ndani ya Mji Mkongwe kuna maduka yanayouza fremu za mbao za majahazi na ngalawa zilizochakaa, rangi ya zamani bado imeng'ang'ania kwenye mbao, kijani hapa, buluu pale. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Lakini bei yake ni ya mgeni anayeondoka na kitu kimoja, haikukusudiwa mtu anayetaka ishirini na kitu. Tena mbao ile ina hadithi yake yenyewe, na hadithi ya bahari juu ya picha ya shamba ni maneno mawili yanayosemwa kwa pamoja.

Mpwa wangu aliye Dar es Salaam akajitolea kuninunulia Kariakoo. Safari yenyewe haikunitisha, boti za kasi zinavuka kwa saa mbili hivi. Kilichonizuia ni vioo, kwa vile sikuwa na nafasi ya kununua tena vitakavyovunjika njiani, na vipimo. Hapa kwenye vipimo ndipo wapiga picha wengi tunapokwama, kwa hiyo naomba nikae kidogo.

Kamera nyingi tunazotumia zinatoa picha ya uwiano wa tatu kwa mbili. Karatasi ya A3 ni sentimita 29.7 kwa 42, na huo si uwiano wa tatu kwa mbili. Picha ukiijaza mpaka ukingoni mwa A3, lazima ukate zaidi ya sentimita mbili na nusu kutoka kwenye urefu wake. Nina picha ya kijana aliye juu ya mkarafuu, mkono mmoja umeshika tawi, na pembeni kabisa mwa picha unaonekana mguu wake peku umekanyaga kitawi chembamba. Mguu ule ndio picha. Fremu ya dukani iliyoandikwa A3 ingeukata.

Nikakaa na karatasi na rula. Nilichokipata ni hiki: picha ukiichapisha sentimita 24 kwa 36 katikati ya karatasi ya A3, inabaki nafasi nyeupe ya karibu sentimita tatu pande zote nne, sawasawa. Nafasi hiyo nyeupe inafanya kazi ya ile karatasi nene yenye dirisha ambayo watengeneza fremu huiweka kati ya picha na ukingo, na ambayo hapa kwetu ni ghali na ni shida kuipata. Inakuja na karatasi yenyewe bila kulipiwa zaidi. Picha inapata pumzi, na hukati mguu wa mtu.

Nikiwa na kipimo hicho ndipo nikaenda kwa seremala. Na nasema wazi: ningekwenda kwake siku ya kwanza. Mji umejaa mafundi. Kuanzia Ng'ambo hadi Amani na Mwanakwerekwe huwezi kutembea bila kusikia randa, wanatengeneza vitanda, milango na makabati, na fremu ya picha kwao ni vipande vinne vya mbao. Niliyemwendea ni mzee mwenye karakana Amani, alimtengenezea ami yangu milango.

"Assalamu alaykum, fundi."

"Waalaykumu ssalaam, karibu mwanangu. Wa nani wewe?"

Nikajieleza, akanikumbuka kwa ami. Nikamwonyesha karatasi ya A3 yenye picha, nikamwambia nataka za namna hii 24, na nazitaka kabla ya Ijumaa ijayo. Hakuuliza picha ni ya nini. Alichukua futi akapima karatasi, akaenda kupima mbao iliyosimama ukutani, akarudi.

"Ukingo wauwacha upana gani?"

"Inchi moja."

"Inchi kasoro," akasema. "Msumeno nao wala mbao."

Hesabu yake ilikuwa hii, na yeyote anaweza kuitumia. Mbao ya inchi moja kwa nne, ya futi 12, inapasuliwa kwa urefu kuwa fito nne, kila moja upana wa sentimita mbili na kidogo kwa sababu ya kile kinacholiwa na msumeno. Ufito wa futi 12 ni sentimita 366. Fremu yenye kipimo cha nje 33 kwa 45 inataka sentimita 156 za mbao. Kwa hiyo kila ufito unatoa fremu mbili, na kinabaki kipande cha nusu mita hivi, kinachotosha kuwa ubavu mrefu mmoja endapo kimoja kitapasuka. Fito nne kwa mbao moja, fremu mbili kwa ufito: mbao tatu zinatoa fremu 24. Laiti ningeng'ang'ania 40 kwa 55, kama nilivyokuwa nimepanga mwanzo, ufito mmoja ungetoa fremu moja tu na karibu nusu ya mbao ingekwenda kwenye moto wa chai.

Mgongo nao vivyo hivyo. Ubao mwembamba wa kuzibia nyuma, hadibodi ya milimita tatu, unauzwa kwa bati zima la futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Vipande vya 33 kwa 45 vinaingia vitatu kwa upana na vitano kwa urefu, jumla 15. Bati mbili zikatosha na vikabaki sita. Mbao tatu, hadibodi mbili, chupa ya gundi ya mbao, msasa, misumari midogo na kopo la rangi. Ukijumlisha na ujira wa fundi, bado gharama yote haikufika bei ya fremu chache za kule madukani kwa watalii.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza wapi atapata fremu za bei nafuu, mimi kwanza namuuliza picha zake amezichapisha au bado. Kama bado, ana nafasi kubwa. Aanzie kwenye mbao ya futi 12 na karatasi ya A3, kisha ndiyo aamue ukubwa wa picha. Aliyekwisha chapisha kwa kipimo cha kichwani mwake ndiye anayezunguka madukani akitafuta fremu ambayo haijatengenezwa.

Nilitaka zile kona za nyuzi 45 kama tulivyozizoea. Mzee akakataa, na sababu yake ilikuwa ya mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Fremu moja ya kona za mshazari ina mikato minane. Kila mkato ukikosea nusu ya nyuzi tu, ukifika kona ya mwisho umekosea nyuzi nne, na ufa unauona ukiwa mlangoni. Kwa fremu moja atasahihisha kwa msasa. Kwa 24, kwa haraka, hawezi kuniahidi. Akafanya kiungo kingine: kila ncha ikachongwa kwa patasi hadi nusu ya unene wake, ncha mbili zikapandana, gundi katikati, msumari mdogo kwa nyuma. Kiungo hicho kinashika kwa nguvu kuliko cha mshazari, na mbele unaona mstari mmoja ulionyooka kwenye kona. Mimi sasa naupenda mstari ule kuliko kona za mshazari. Unaonekana kuwa kazi ya mkono wa mtu, kama picha zenyewe.

Kuhusu mbao, alichagua paini, hizi nyepesi zinazotoka bara, na alikataa rundo zima lililokuwa limefika karibuni. Aliinua ubao kwa mkono mmoja, akainua mwingine, akanipa mimi nipime. Mmoja ulikuwa mzito waziwazi, maji bado yamo ndani. Ukiutengenezea fremu leo, ukikauka unajipinda, na fremu iliyojipinda haikai ukutani hata ukiibembeleza. Akachukua zilizokuwa darini mwa karakana. Ukienda kwa fundi na una haraka, hilo ndilo la kulisimamia kwa macho yako, zaidi ya bei.

Kisha kioo. Hapa najua wengine hatutakubaliana, na wale wanaotundika kwenye majumba yenye viyoyozi wana hoja zao. Mimi niliamua kutoweka kioo kabisa, na nitafanya hivyo tena kwa maonyesho ya muda mfupi. Kioo cha milimita tatu kina uzito wa kilo saba na nusu kwa mita ya mraba, kwa hiyo kipande cha A3 peke yake kinakaribia kilo moja. Kinaongeza uzito wa fremu mara mbili, na nyumba za Mji Mkongwe si za kuziongezea mzigo. Pili, chumba kilikuwa na madirisha upande wa bahari, na kioo cha kawaida mbele ya dirisha kinamwonyesha mtazamaji uso wake mwenyewe. Tatu ni unyevu. Kila nyumba hapa ina picha moja ya marehemu babu au bibi iliyoganda kwenye kioo, madoa yanayong'aa yamesambaa shavuni, na ukijaribu kuibandua sura inabaki kwenye kioo. Hewa ya kwetu inafanya hivyo kila picha inapogusana na kioo bila nafasi katikati. Kwa fremu zilizotengenezwa kwa haraka, bila kina cha kutosha, nilijua ndiko zinakoelekea.

Rangi nayo ina habari. Vanishi ya mafuta inapendeza, lakini kwenye unyevu inachukua siku kukauka sawasawa, na hata ukiigusa ukadhani imekauka, karatasi ikilala juu yake usiku mmoja inashika. Tulitumia rangi ya maji, nyeusi isiyong'aa, mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, na mzee akawaambia vijana wake wapake mbele na ubavuni tu. Nyuma, pale ambapo picha inalala, mbao ikaachwa tupu.

Kuzifunga picha nilifanya mwenyewe nyumbani sakafuni, na dada zangu walinisaidia. Kishawishi ni kubandika karatasi pande zote nne ili itulie. Usifanye. Karatasi inakunywa unyevu na kutanuka, na ikiwa imeshikwa kila upande haina pa kwenda ila kufura katikati. Ishike juu tu, kwa vipande viwili vya utepe wa karatasi kwa nyuma, pande nyingine zining'inie huru. Kati ya picha na hadibodi weka karatasi nyeupe safi, kwa sababu hadibodi ikikaa muda mrefu inaigeuza picha kuwa ya manjano. Kisha hadibodi ipigwe misumari midogo kwenye mbao, basi.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na sharti moja: hakuna msumari ukutani. Sharti hilo ni la haki. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na ukipiga msumari wa kawaida ama unakutana na jiwe ukapinda, ama unakutana na chokaa ikamwagika kama unga na kukuachia shimo la kuingiza kidole. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na nyumba zake zinachakaa vya kutosha bila ya sisi kuzitoboa. Juu kulikuwa na kulabu za zamani kwenye boriti. Tukafunga mianzi mirefu kwenye kulabu hizo, sambamba na ukuta, na fremu zikaning'inia kwenye mianzi kwa mshipi wa kuvulia.

Mshipi ni jibu zuri sana kwa mji wa wavuvi. Upo kila mahali, ni rahisi, na kwa hatua mbili tu hauonekani. Lakini una tabia zake, na jirani yangu mvuvi ndiye aliyenifundisha. Fundo la kawaida linateleza, nailoni haishikani na nailoni. Unauzungusha mshipi juu yake wenyewe mara tano au sita, ndipo unapitisha ncha kwenye tundu la mwanzo, unaulowesha kwa mate, unavuta polepole. Kila fremu ipewe mishipi miwili, mmoja kila upande, maana ukiufunga mmoja katikati fremu itazunguka kwa kila upepo. Na nailoni inarefuka ikibeba mzigo. Tulizitundika jioni, tukaziacha usiku kucha, asubuhi ndipo tukaja na pima maji kuzisawazisha. Wenye haraka wanasawazisha jioni ile ile, na kesho yake mstari umeshuka huku na kupanda kule.

Chini ya kila picha niliweka karatasi ndogo yenye jina la aliyemo, kwa idhini yake, na kijiji chake. Pemba ndiyo imebeba karafuu za visiwa hivi tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, na picha za mchumo huwa zinaandikwa "mkulima wa karafuu", kana kwamba mtu hana jina. Kwangu jina lile ni sehemu ya fremu, na sikulipunguza pamoja na vitu vingine nilivyopunguza.

Watu walikuja. Mzee wa Amani naye alikuja na vijana wake baada ya swala ya Alasiri, wakazitazama kona kwanza, wakapapasa, kisha ndiyo wakaanza kuzitazama picha. Mmoja wao ana asili ya Wete, kule Pemba, akamtambua mtu.

Maonyesho yalipokwisha nilikuwa nimekwisha ahidi kwamba kila aliyemo apate picha yake, na hapo suala la kioo likarudi kwa uzito mwingine, kwa sababu picha ya nyumbani inatakiwa idumu miaka, karibu na jiko, kwenye vumbi na moshi. Hizo ndizo zilizopata kioo. Mzee alichana vipande vyembamba kutoka hadibodi sita zilizobaki, akavibandika pembeni kati ya kioo na karatasi, vikajificha chini ya ukingo wa mbao. Unene wa milimita tatu unatosha picha isiguse kioo. Mgongoni tukaziba mwanya kati ya hadibodi na mbao kwa utepe ili wadudu wasiingie. Zikafungwa mbilimbili, kioo kwa kioo, blanketi katikati, zikapanda meli ya kwenda Mkoani, Pemba, na binamu yangu, na alinipigia simu kutoka bandarini kuniambia hakuna kilichovunjika.